Hilary Koprowski: mtu wa chanjo ya polio ya Ruzizi aliyeacha kipimo cha kansere ya nyongo

KOLWEZI – Mkaaji wa Manika au Dilala anapoona macho yake yamegeuka manjano, mkojo umekuwa mweusi kama chai na ngozi inamwasha usiku kucha, maswali ni mengi kuliko majibu. Je, ni malaria? Ni hepatiti? Ni mawe katika mfuko wa nyongo? Au ni kansere? Katika karatasi ya vipimo anayopewa na daktari kunaweza kuwa na mstari mmoja mfupi: CA 19-9. Familia inachangisha feza, damu inatolewa, kisha watu wanangoja namba ambayo wachache wanajua maana yake.

Nyuma ya namba hiyo kuna mtu ambaye historia ya Kongo inamkumbuka kwa jambo lingine kabisa. Anaitwa Hilary Koprowski. Ndiye aliyeleta chanjo yake ya polio ya matone mashariki mwa Kongo wakati wa Wabelgiji, na zaidi ya watu 215,000 wa bonde la Ruzizi waliimeza mwaka 1958. Zaidi ya miaka 20 baadaye, maabara aliyoiongoza huko Marekani ilitoa kipimo ambacho hadi leo ndicho kinachotumika zaidi duniani kufuatilia kansere ya kongosho na ya mirija ya nyongo.

Alikufa tarehe 11 Aprili 2013 akiwa na umri wa miaka 96. Maisha yake yana sifa na lawama pamoja, na yote mawili yanagusa Kongo.

Kijana wa piano aliyekimbia vita

Koprowski alizaliwa Warsaw, mji mkuu wa Poland, tarehe 5 Desemba 1916, katika familia ya Wayahudi. Tangu utotoni alipiga piano, na kwa miaka mingi alisoma muziki na udaktari kwa wakati mmoja. Mwaka 1938 alimwoa Irena Grasberg, aliyekuwa pia mwanafunzi wa udaktari. Mwaka 1939 alimaliza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Warsaw.

Mwaka huohuo, mwezi wa Septemba, jeshi la Hitler liliivamia Poland. Familia ikatawanyika. Hilary alifika Roma, Italia, na huko akaendelea na muziki. Irena, aliyekuwa na mimba, alikimbilia Ufaransa, akafanya kazi ya udaktari katika hospitali ya wagonjwa wa akili na kujifungua mtoto wao wa kwanza. Ufaransa ilipoanguka mikononi mwa Wajerumani mwaka 1940, walikimbia tena, wakapitia Uhispania na Ureno hadi Brazil.

Wakongomani wengi waliowahi kubeba mizigo kichwani na kuacha nyumba nyuma wanaijua safari ya namna hiyo. Huko Rio de Janeiro, daktari huyo mkimbizi alianza kwa kufundisha piano ili familia ile. Baadaye alipata kazi katika maabara ya Rockefeller Foundation, iliyokuwa ikishughulikia chanjo ya homa ya manjano. Hapo ndipo alipojifunza jinsi virusi hai vinavyoweza kudhoofishwa hadi viweze kukinga mwili bila kuuangusha.

Alikunywa chanjo yake mwenyewe

Mwaka 1944 alihamia Marekani na kuanza kazi katika maabara ya Lederle, jimbo la New York. Wakati huo polio ilikuwa ikilemaza watoto kila kiangazi, na wazazi waliogopa hata kuwapeleka kuogelea.

Koprowski alitaka kutengeneza chanjo ya virusi hai inayomezwa. Alipitisha virusi vya polio katika panya mara nyingi hadi vikapoteza ukali. Mwaka 1948 yeye na msaidizi wake Thomas Norton walisaga ubongo na uti wa mgongo wa panya hao, wakachanganya, wakanywa wenyewe. Hawakuugua.

Tarehe 27 Februari 1950 mtoto wa kwanza alipewa chanjo hiyo katika Letchworth Village, kituo cha watoto wenye ulemavu wa akili huko New York. Watoto 20 walipewa chanjo. 17 kati yao hawakuwa na kinga kabla, na wote 17 walipata kinga. Hakuna aliyedhurika. Hiyo ilikuwa miaka mitano kabla ya sindano ya Jonas Salk kukubaliwa Marekani, na zaidi ya miaka 10 kabla ya matone ya Albert Sabin kupewa kibali nchini humo.

Lakini swali likabaki: nani aliwauliza watoto hao? Wakati huo watu wengi wa sayansi hawakuona tatizo kutumia watoto wa vituo, wafungwa au watu wa makoloni. Leo sheria za utafiti zinakataza jambo hilo bila ruhusa ya kweli ya mhusika au mzazi wake. Lawama hiyo ilimfuata Koprowski hadi Afrika.

Stanleyville, Lindi na bonde la Ruzizi

Mwaka 1957 alichaguliwa kuongoza Wistar Institute ya Philadelphia, na akabaki hapo hadi mwaka 1991. Kufikia wakati huo alikuwa ameshaanza ushirikiano na Ghislain Courtois, Mbelgiji aliyeongoza maabara ya Stanleyville, mji unaoitwa Kisangani leo.

Mto unaopita Kisangani ni uleule ambao watu wa Kolwezi wanauona kwenye bwawa la Nzilo. Lualaba hushuka kutoka nyanda za juu za Katanga, hupita Bukama, Kongolo na Kindu, na baada ya maporomoko ya Wagenia hupata jina la Kongo. Karibu na mji huo, katika kambi ya Lindi, mamia ya sokwe walikusanywa kuanzia mwaka 1956 ili chanjo ijaribiwe. Wengi wao walikufa huko. Baadhi walitumiwa pia katika utafiti wa hepatiti, ugonjwa wa ini ambao bado unasumbua Kongo.

Kati ya Februari na Aprili 1958 kazi ilihamia kwa watu. Katika bonde la Ruzizi, upande wa Kongo na upande wa Ruanda-Urundi, utawala wa kikoloni uliwaita wakaaji wapange mistari. Kila mmoja alimwagiwa kiasi kidogo cha chanjo mdomoni. Kwa wiki zipatazo sita, zaidi ya watu 215,000 walipewa. Julai mwaka huo ripoti ilichapishwa katika jarida la madaktari wa Uingereza, ikieleza kuhusu watu 244,596 kwa jumla. Kuanzia Agosti 1958 kazi iliendelea Léopoldville, Kinshasa ya leo, ambako watoto zaidi ya 70,000 walichanjwa.

Kwa ukubwa wake, hilo lilikuwa jambo jipya. Poland, nchi aliyoikimbia, nayo ikatumia chanjo yake kwa mamilioni ya watoto. Lakini Marekani ilipochagua matone, ilichagua ya Sabin, kwa sababu vipimo vya nyani vilionyesha kwamba virusi vya Sabin vilikuwa dhaifu zaidi katika mishipa ya fahamu. Ndiyo maana watu wengi wanalijua jina la Sabin na wachache wanalijua la Koprowski.

Wazee wa Ruzizi waliosimama katika mistari ile hawakupewa karatasi ya kusaini. Hakuna aliyewaeleza kwamba walikuwa sehemu ya jaribio kubwa. Jambo hilo ni kweli na halifutiki kwa sababu chanjo ilifanya kazi.

Tuhuma ya Ukimwi na jibu la sayansi

Pengo hilo la maelezo lilizaa tuhuma nzito. Mwaka 1992 gazeti la Marekani Rolling Stone lilichapisha makala iliyosema kwamba huenda Ukimwi ulianzia katika chanjo ya Koprowski huko Kongo. Alishtaki, na mwaka 1993 gazeti hilo likatoa ufafanuzi. Mwaka 1999 mwandishi Mwingereza Edward Hooper alirudisha hoja hiyo katika kitabu kinene, akidai kwamba seli za sokwe wa Lindi zilitumika kutengeneza chanjo. Koprowski na wenzake walikanusha.

Wanasayansi hawakuishia kwenye maneno. Chupa za zamani zilizobaki Wistar zilipimwa na maabara kadhaa zilizo huru. Hazikuonekana na virusi vya Ukimwi, wala vya sokwe, wala chembe za sokwe. Mwaka 2004 utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature ulionyesha kwamba virusi vya sokwe wa eneo la Kisangani ni vya tawi tofauti na lile lililozaa Ukimwi ulioenea duniani. Mwaka 2006 chanzo kilionekana kwa sokwe wa kusini-mashariki mwa Kameruni. Na mwaka 2008 hesabu za vinasaba zilionyesha kwamba virusi hivyo vilikuwa tayari vimeingia kwa binadamu mwanzoni mwa karne ya 20, miongo mingi kabla ya Koprowski kufika Kongo.

Kwa hiyo tuhuma hiyo imekataliwa. Lakini bado inasikika sokoni na kwenye simu kila timu ya chanjo inapopita, na mtoto ndiye anayelipa mzazi anapofunga mlango.

Kutoka polio hadi kansere

Wistar haikufanya polio pekee. Koprowski na mwenzake Tadeusz Wiktor walifanya kazi juu ya chanjo mpya ya kichaa cha mbwa. Mwaka 1976 matokeo kutoka Iran yalionyesha kwamba watu 45 walioumwa na mbwa au mbwa mwitu wenye ugonjwa huo walipewa chanjo hiyo na wote wakapona. Kabla ya hapo matibabu yalikuwa sindano nyingi zenye maumivu tumboni.

Mwaka uliotangulia, 1975, huko Cambridge, Uingereza, Georges Köhler na César Milstein walikuwa wamegundua njia ya kutengeneza kinga za aina moja tu, zinazotambua kitu kimoja tu, kama ufunguo na kufuli yake. Koprowski aliona haraka kwamba njia hiyo inaweza kutumiwa kuwinda kansere. Alipata seli kutoka kwa Milstein na kuanza kazi.

Timu yake, akiwemo Zenon Steplewski, iliwachanja panya kwa seli za kansere ya utumbo mpana wa binadamu. Mwili wa panya ulitengeneza kinga nyingi dhidi ya seli hizo, na watafiti wakazichambua moja baada ya nyingine. Mwaka 1979 walitangaza kinga zilizoshika kitu kilichokuwa juu ya seli za kansere. Mmoja wa funguo hizo ulikuwa na namba 19-9. Mwaka 1981 walionyesha kwamba kitu hicho kinapatikana pia katika damu ya wagonjwa. Hapo ndipo jina CA 19-9 lilipotoka.

Kampuni ya Centocor, ambayo Koprowski alikuwa mmoja wa waanzilishi wake mwaka 1979, ilifanya kipimo hicho kuwa biashara. Wistar ilipata haki miliki juu ya kinga za namna hiyo dhidi ya kansere, na Uingereza ikakasirika, kwa kuwa Cambridge haikuwa imesajili ugunduzi wake. Köhler na Milstein walipata tuzo ya Nobel mwaka 1984. Koprowski hakuipata kamwe.

Namba 37 inasema nini

Kipimo kilichotafutwa kwa kansere ya utumbo kilionekana kuwa na nguvu zaidi kwa kansere ya kongosho na ya mirija ya nyongo. Mirija hiyo ni mifereji midogo inayobeba nyongo kutoka ini hadi utumbo. Kansere yake hukua kimya. Mara nyingi mgonjwa hana maumivu hadi mfereji uzibe. Hapo macho huwa manjano, mkojo huwa mweusi, choo huwa cheupe na kilo hupungua. Wakati huo mara nyingi ugonjwa umeshafika mbali, na upasuaji wa mapema ndio unaotoa tumaini kubwa la kupona.

Ndiyo sababu dunia nzima inatafuta alama ya damu ya kuugundua mapema. Kwa CA 19-9, mpaka unaotumika zaidi ni 37. Chini yake huhesabiwa kawaida, juu yake huleta shaka. Lakini namba hiyo peke yake haitoshi kusema ndiyo wala hapana, kwa sababu tatu.

Kwanza, inapanda hata pasipo kansere. Jiwe likiziba mfereji, au nyongo ikishikwa na maambukizo, namba inaweza kuruka juu sana. Mfereji ukifunguliwa, inashuka. Daktari mwangalifu huzibua kwanza, kisha hupima tena.

Pili, kansere ndogo, ile inayoweza kukatwa, mara nyingi haijapandisha namba hiyo. Kwa hiyo kuwapima watu wazima wote wasio na dalili hakusaidii, na miongozo ya madaktari haikubali.

Sababu ya tatu inawahusu hasa watu wa Afrika. CA 19-9 ni sukari ambayo mwili huitengeneza kwa kutumia urithi wa kundi la damu liitwalo Lewis. Wasio na urithi huo hutoa kidogo sana au hawatoi kabisa, hata kansere ikiwa imejaa. Miongoni mwa Wazungu ni kama watu 6 kati ya 100. Miongoni mwa Wamarekani weusi ni kama 22 kati ya 100. Kipimo kilichozaliwa Philadelphia kinaweza basi kumwambia mtu mmoja kati ya watano wa asili ya Afrika kwamba hana tatizo, wakati tatizo lipo. Mgonjwa wa Kolwezi mwenye macho ya manjano na CA 19-9 ya chini bado anahitaji kuchunguzwa.

Kinachokuja kwanza ni ekografi ya tumbo, ambayo huonyesha kama mifereji imepanuka, kama kuna jiwe au uvimbe. Baada yake huja skana na kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Alama za damu husaidia picha hizo, na hutumika vizuri zaidi baadaye, kufuatilia kama matibabu yanafanya kazi au kama ugonjwa umerudi. Alama nyingine, AFP, ni ya kansere ya ini lenyewe. Haichukui nafasi ya CA 19-9, wala CA 19-9 haichukui nafasi yake.

Kwa familia inayolazimika kufanya kilomita zipatazo 300 kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi kutafuta vipimo, kujua mpangilio huo ni kuokoa feza na siku. Macho ya manjano yasiyo na homa, yasiyopona kwa wiki, si jambo la kungoja wala la kutibu kwa mizizi nyumbani.

Urithi wenye pande mbili

Koprowski aliondoka Wistar mwaka 1991 na kuendelea na utafiti katika Chuo Kikuu cha Thomas Jefferson, Philadelphia, hadi uzeeni. Hakuacha piano, na alitunga muziki uliopigwa hadharani. Irena alitangulia kufa mwaka 2012, baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 70.

Wale waliomjua walimwona kama mtu jasiri, mwenye majivuno, asiyependa kungoja ruhusa. Ujasiri huo ulimfanya anywe chanjo yake mwenyewe, na uharaka huohuo ulifanya maelfu ya watu wa Ruzizi wapewe chanjo bila kuulizwa. Kwa upande mmoja, njia ya matone aliyoifungua ndiyo iliyowafanya mamilioni ya watoto duniani watembee. Kwa upande mwingine, ukimya wa wakati ule ulipanda shaka ambayo wahudumu wa afya bado wanapambana nayo.

Kuna jambo moja ambalo halihitaji maabara ya mbali. Hepatiti B, inayoharibu ini na kuongeza hatari ya kansere ya ini na hata ya mirija iliyo ndani yake, ina chanjo, na hapa nchini imo katika sindano ya pentavalenti wanayopewa watoto wachanga bure kwenye vituo vya afya. Mzazi wa Kolwezi anayempeleka mtoto wake kwa sindano hiyo, na kumuuliza muuguzi ni ya nini, anapata maelezo ambayo wazee wa Ruzizi hawakupewa mwaka 1958.